Sahihi Kumi na Nne

Mzee wa viatu alianza kugonga saa tatu na dakika tano asubuhi, na Fundi akazima cherehani yake ili aisikie nyundo vizuri.

Aliinua uso akaangalia dari. Gu, gu, gu, kimya kidogo, kisha gu, gu. Nyuma ya pazia lililogawa chumba, mumewe akajigeuza na kitanda kikalia. Mumewe alikuwa mwoka mikate. Alikwenda kazini jua likizama, akarudi asubuhi watoto wakielekea shule, na saa zake za kulala zilikuwa hizi ambazo binadamu wengine wanaburuta meza na kuitana ngazini. Miaka sita alikuwa akilala bila shida katika chumba hiki hiki. Sasa, tangu yule mzee mtengeneza viatu ahamie namba kumi na nne, juu yao kabisa, hakuwa akilala.

“Umesinzia?” Fundi aliuliza.

“Nisinzie vipi,” sauti ilijibu nyuma ya pazia.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Wiki mbili nyuma mwokaji alikuwa amesahau kutia hamira kwenye unga wa zamu nzima, na mikate mia tatu ikatoka migumu, ya kutupwa. Juzi alisahau tena. Alimweleza mkewe kwamba mnyapara wa zamu amemwita pembeni na kumwambia kwamba akisahau mara ya tatu asijisumbue kuvaa aproni. Alisema ni usingizi, na usingizi ni nyundo. Fundi hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Aliwasha tena cherehani na kumalizia kola ya sare, lakini moyo wake ulikuwa juu darini.

Cherehani hiyo ilikuwa ya kiwandani, chuma kitupu, aliinunua kuukuu siku kiwanda kimoja cha nguo kilipofungwa na kuuza hata viti vyake. Ilisimama kwa miguu minne juu ya sakafu ya saruji, na mota yake ilipoanza kuzunguka, vijiko vilicheza kwenye kikombe. Fundi aliitia mafuta kila asubuhi na kuifuta kwa kitambaa cheupe. Kama ungemwambia kwamba cherehani ile ina kelele, angekuuliza cherehani ipi.

Alikuwa ameshapanda juu mara moja kuzungumza na mzee, kwa adabu zote. Alimwamkia, akaulizia mgongo wake, akasifu mlango ulivyopakwa rangi, kisha akasema kwa mbali kwamba mume wake hufanya kazi usiku, na mchana usingizi humpata kwa taabu. Mzee alimhurumia sana. Alisema hata yeye jengo hili linamshangaza, lina mtetemo wa ajabu, misumari yake yenyewe inatembea mezani. Fundi akateremka akiwa haelewi kama ujumbe umefika au umepotelea njiani.

Ndipo alipoamua kuandika barua.

*

Waliiandika alasiri, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Binti yao, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye mwandiko ambao walimu walikuwa wakiuonyesha kwa wenzake, alishika kalamu, na mama akawa anasema huku anakunja sare. Barua ilisema kwamba wapangaji wanaiomba ofisi ya jengo isaidie. Kuna mpangaji mmoja amegeuza nyumba kuwa karakana. Kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hakuna kupumzika, na watu wanaofanya kazi usiku wanaumia. Hatuna chuki naye. Tunaomba tu kazi hiyo isimame, au aitafutie mahali pengine.

Binti aliinua kalamu. “Mlango namba ngapi, niandike?”

“Usiandike namba.”

“Basi jina.”

Mama alishtuka kama aliyeambiwa avue kitambaa cha kichwa barabarani. “Mzee mzima yule tutamwandikaje kwenye karatasi ya mashtaka? Ana wajukuu huyo. Andika mpangaji mmoja.”

“Mama, wapangaji wako kumi na sita.”

“Wenyewe wataelewa. Nani asiyesikia?”

Binti akaandika mpangaji mmoja. Mama akaweka sahihi ya kwanza, kubwa, yenye mkia, na moyo ukamtulia. Alijiona ametenda jambo zito bila kumvunjia mtu heshima, na kwa kweli hakuna aliyelelewa vizuri katika jengo lile ambaye angeandika vinginevyo.

Kesho yake akaanza kuzunguka. Alianza kwa muuguzi wa namba sita, chini yake, mwanamke ambaye naye alikuwa na zamu za usiku na macho mekundu ya kudumu. Muuguzi aliisoma barua, akamtazama Fundi, akaisoma tena. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Dada yangu, mimi nisingethubutu,” alisema, na akasaini.

Ilikuwa hivyo karibu kila mlango. Mke wa dereva wa lori alimpa maji baridi kwenye glasi ya wageni. Mama wa pacha alisaini na kusema siku hizi watu wa namna hii hawapatikani. Namba mbili alikaa karani mstaafu, mtu aliyesoma hata maandishi ya kwenye kiberiti kabla ya kuwasha. Karani alivaa miwani, akasoma, akaongeza alama ya mkato palipostahili, kisha akamwangalia Fundi juu ya miwani.

“Barua hii umeileta wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe.”

“Hongera. Ni wachache,” alisema karani, akatia sahihi yenye tarehe.

Fundi alipanda ngazi kichwa kimeinuka. Alikuwa hajasifiwa hivyo tangu siku ya harusi yake. Ngazi za jengo lile zilikuwa wazi katikati kutoka chini hadi juu, na mtu akikohoa namba mbili, namba kumi na sita humjibu pole; kwa hiyo alisikia nyuma yake milango ikisemezana, na jina lake likitajwa kwa wema.

Ghorofa ya mwisho alikusudia kupita namba kumi na nne kwa ncha za vidole. Lakini mzee wa viatu alikuwa mlangoni anakung'uta aproni yake ya ngozi. Aliiona karatasi, akasema nasikia kuna barua, lete na mimi nione. Fundi alitamani sakafu ipasuke. Hakuweza kumnyima mzee karatasi iliyo mkononi, na hakuweza kuitafuna. Akampa.

Mzee aliisoma pole pole, midomo ikicheza. Alipomaliza alivua miwani, akafuta jicho moja, akaomba kalamu. Alisaini chini ya wengine, kwa herufi kubwa.

“Mungu akubariki, mwanangu,” alisema. “Hili si jambo dogo.”

Jioni, mwokaji akivaa viatu vya kazi, Fundi alimsimulia yote. Mumewe aliacha kamba za kiatu.

“Amesaini?”

“Amesaini. Na baraka kanipa.”

“Labda hajui kusoma.”

“Alivaa miwani.”

Walitazamana. Mwokaji alisema labda mzee amejuta, ni mtu mwema, huenda kesho atanyamaza mwenyewe. Lakini asubuhi saa tatu na dakika tano nyundo ilianza kama kawaida, na ilikuwa na furaha zaidi, Fundi aliapa, ilikuwa na furaha zaidi kuliko jana.

*

Siku ya nne bahasha ilipenyezwa chini ya mlango. Binti ndiye aliyeifungua, kwa sababu alikuwa hajaondoka kwenda shule, na akaisoma kwa sauti akiwa amesimama na mkoba begani.

Ilikuwa imeandikwa kwa mpangaji wa namba kumi. Ofisi inashukuru kwa barua. Ofisi imethibitisha malalamiko kwa wahusika. Kwa hiyo mpangaji wa namba kumi anatakiwa kusimamisha cherehani kuanzia leo, na ndani ya siku saba awe ameitoa katika jengo. Asipoitoa, atatoka nayo. Mwisho palikuwa na maneno mengine kwa kalamu ya mkono: Asante kwa ushirikiano wako.

“Soma tena,” mama alisema.

Binti akasoma tena. Haikubadilika.

“Wamekosea mlango,” Fundi alisema. “Wamechanganya.” Akalisema jambo hilo mara tatu, na kila mara lilionekana kuwa na maana pungufu kidogo. Nyuma ya pazia mwokaji aliyekuwa ndio kwanza amejilaza aliuliza kuna nini, na binti akaisoma mara ya tatu.

Msimamizi wa jengo alikuwa na chumba chake chini, kando ya mita za maji, na benchi la kungojea ambalo lilikuwa ndani ya chumba hicho hicho, hivi kwamba shida ya kila mtu ilisikiwa na wenzake watatu. Alimpokea Fundi kwa kusimama. Alisema miaka yake yote kazini hajawahi kumwona mpangaji anayejishtaki mwenyewe, na kukusanya sahihi za majirani dhidi yake. Watu wa benchini waligeuka kumtazama muungwana huyo.

Fundi aliwapa mgongo. Alieleza kwamba barua haikumhusu yeye. Ilimhusu mwingine. Msimamizi aliitoa kwenye faili na kuikunjua juu ya meza.

“Sahihi ya kwanza ni ya nani?”

“Yangu.”

“Nyumba imegeuzwa karakana. Kuanzia saa tatu. Watu wa usiku hawalali.” Alikuwa akifuata mistari kwa kidole. “Barua haikuwa na namba, kwa hiyo nilipita mlango kwa mlango kuuliza, huyu mpangaji mmoja ni nani? Sahihi ziko kumi na nne, toa yako, zinabaki kumi na tatu. Mmoja amesema ni redio ya dereva. Karani amesema kufasiri si kazi yake. Kumi na mmoja wamesema ni cherehani ya namba kumi, na kwamba umejirudi mwenyewe na wanakuheshimu sana.”

“Hata mzee wa viatu?”

“Huyo ndiye aliyekusifu kuliko wote.”

Mmoja wa benchini alicheka, akajidai anakohoa. Fundi alishika ukingo wa meza. Ilimrudia sasa mikono ya muuguzi, na glasi ya wageni, na hongera ya karani, kila kimoja kikigeuka upande wake wa pili. Miaka sita. Miaka sita walikuwa wakimsikia, na hakuna aliyemwambia, kwa adabu ile ile iliyomzuia yeye kuandika namba ya mlango wa mzee. Hakujua amkasirikie nani.

“Mimi nilimkusudia mzee wa viatu,” alisema kwa sauti ndogo.

Msimamizi akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Alisema kama ni hivyo, mambo ni mepesi. Barua ni ya Fundi, na mwandishi ndiye anayejua alichokusudia, wale wengine walitia sahihi tu. Akamsogezea karatasi na kalamu. “Andika hapa chini, namba kumi na nne, weka tarehe. Notisi yako nachana leo, nampelekea yeye.”

Kalamu ilikuwa na kamba iliyofungwa kwenye mguu wa meza. Fundi aliishika, akaitazama kamba, akaiweka chini. Alisema ngoja akashauriane na mume wake. Msimamizi akampa hadi kesho saa tano.

*

Alimkuta mzee wa viatu ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya pili akipumzisha magoti, na mfuko wa soli kando yake. Mzee alimpisha, kisha akamwuliza kama ni kweli cherehani inatolewa. Fundi alisema ni kweli.

“Nilidhani watakupangia saa tu,” mzee alisema. “Nilisaini nikijua wewe mwenyewe umetaka wakupangie saa. Kukutoa, hapana.” Akauvuta mfuko wa soli karibu. “Mimi leo sijagonga. Nilikuwa na kibaraza changu mjini, pakajengwa duka la simu. Nikasema nitagongea nyumbani asubuhi tu, maana jioni macho hayaoni uzi. Sasa wakikutoa wewe mwenye barua nzuri vile, mimi nani ataniacha?”

Fundi alifungua mdomo amwambie. Aliyapanga maneno, yakafika mpaka kwenye meno. Kisha akasema pole mzee, akapanda.

Nyumbani palikuwa kimya kupita kiasi. Cherehani imefunikwa shuka, darini hakuna nyundo, binti yuko shule. Saa nne na nusu ya asubuhi chumba kilikuwa kimya hivi kwamba bomba la jirani lilisikika likidondoka. Fundi alivuta pazia pole pole asimwamshe mumewe aliyepata hatimaye utulivu wake.

Mumewe alikuwa amelala chali, macho wazi, anatazama dari.

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda na kumweleza kuhusu kalamu ya msimamizi. Ni namba moja tu ya kuandika. Mzee ataondoka, cherehani itabaki, na yeye atalala. Hakuipenda sauti yake mwenyewe alipokuwa anasema, lakini alisema. “Niandike?”

“Usiandike.”

“Kwa nini?”

Mwokaji alifunika uso kwa mkono. Mkono ule haukuwahi kutoka unga kabisa kwenye kucha.

“Si nyundo,” alisema.

Fundi hakuelewa. Alimwambia si nyundo vipi, na mumewe akaanza kueleza kwa vipande, akiwa bado amefunika uso. Kwenye kiwanda cha mikate limeletwa jiko jipya, linaingiza lenyewe na kutoa lenyewe, na mashine ya kukandia ambayo haihitaji mtu. Walikuwa kumi na wawili zamu ya usiku, watabaki wanne. Orodha ya wanaoondoka ilibandikwa karibu na sinki la kunawia mikono, wiki ile ile ya hamira. Jina lake lipo. Mwisho wa mwezi kibarua kinaota nyasi.

“Na mnyapara? Na ile mara ya tatu?”

“Hakunena kitu. Atanikaripia nini mtu ambaye ameshaondolewa?”

“Kwa hiyo nyundo…”

“Uliniuliza kwa nini silali. Nyundo ilikuwa inagonga. Nikasema nyundo.”

Fundi alikasirika. Alisimama, akaketi, akamwuliza kama anajua amemtembeza milango mingapi. Mumewe alisema hakujua kwamba jambo lingefika kwenye barua. Alidhani mkewe atalalamika siku mbili, naye aseme ukweli siku ya tatu. Siku ya tatu alifungua pazia alasiri akawakuta mkewe na binti wanaandika, wana furaha, wamepata la kufanya kwa ajili yake, na maneno yakamwishia.

Hasira ikampungua Fundi, na mahali pake hapakuja kitu kinachojulikana. Alimwonea huruma, akajionea haya, na alitaka kucheka pia. Lililo wazi lilikuwa moja tu. Kuanzia mwisho wa mwezi nyumba hii italishwa na cherehani, au haitalishwa. Na cherehani ina siku saba.

“Unajua la ajabu?” mwokaji alisema baadaye, ametoa mkono usoni. “Mota yako ile ilikuwa inanilaza. Ikizimwa ndipo nawaza.”

“Nilikuwa naizima nisikie nyundo,” alisema Fundi.

*

Kesho yake saa tano hakuandika namba yoyote. Alimwomba msimamizi ruhusa ya barua nyingine. Msimamizi alivuta pumzi, akapekua kitabu cha kanuni, na kusema ofisi haiwezi kufuta sauti za wapangaji kumi na wanne kwa sababu mmoja amebadili mawazo. Lakini nusu ya milango ikikubali kwa sahihi, yaani milango minane, kabla siku saba hazijaisha, cherehani itabaki kwa masharti.

Safari hii barua ilikuwa na jina. Binti aliandika bila kuuliza: Mimi ninayeshona, namba kumi, ndiye mwenye kelele. Naomba kushona kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, siku za kazi tu. Mzee wa viatu, alipoelezwa habari yote ya barua ya kwanza, hata sehemu ambayo Fundi aliitamka akitazama sakafu, alizungusha msumari mezani. Fundi alidhani atafukuzwa. Mzee alisema tu, “Kwa hiyo baraka nilimpa mtu anayenitoa.” Halafu akamwagiza amwongeze kwenye barua yeye na nyundo yake, saa hizo hizo, ili ugomvi uwe mmoja. Akachukua kipande cha tairi na kisu, akakata vipande vinne vinene vya kuwekwa chini ya miguu ya cherehani. Hakumtazama alipompa.

Milango ile ile ilifunguliwa tena, ila haikuwa ile ile. Kusaini karatasi isiyo na jina ni jambo moja, na karatasi yenye jina ni jingine. Mke wa dereva aliisomea mlangoni na kusema mume wake hayupo, ingawa redio yake ilikuwa inasikika ndani. Mama wa pacha alisema hataki maneno. Muuguzi alisimama na kalamu hewani.

“Nilidhani unatuonea huruma,” alisema. “Kumbe hukujua.”

“Sikujua.”

“Miaka sita nalala na pamba masikioni, dada.”

Fundi alimwambia pole, na ilikuwa pole ya kweli, haikuwa ile ya kuvukia mazungumzo. Alimwonyesha vile vipande vya tairi. Muuguzi akasaini, akaandika kando kwamba ni kwa majaribio ya mwezi mmoja. Namba tisa wakasaini kwa sababu muuguzi amesaini, na namba kumi na tano kwa sababu sare za watoto wao zilikuwa bado hazijaisha. Kufikia siku ya sita milango ilikuwa saba, wake na wa mzee ikiwemo. Ulibaki mmoja.

Aliteremka kwa karani alasiri hiyo. Karani alivaa miwani, akaisoma barua mara mbili, hakuongeza alama yoyote. Alisema imeandikwa vizuri. Alisema pia kwamba yeye ameshaweka sahihi na tarehe kwenye barua ya kusimamisha, na hawezi kuweka sahihi kwenye barua ya kuruhusu, wino wa kwanza haujakauka, pasipo jambo kubadilika.

“Nipe sababu mpya,” alisema. “Mtu anabadili uamuzi kwa sababu mpya.”

Fundi alikuwa nayo. Ilikuwa ulimini, fupi, ya sentensi moja. Lakini haikuwa yake. Mumewe hakuwa amemwambia mtu mwingine duniani, hata binti, hata ndugu yake wa damu. Kila jioni alikuwa bado anavaa aproni iliyopigwa pasi na kushuka ngazi akiwasalimu watu kama mtu mwenye kazi yake. Fundi akasema hana sababu mpya. Karani akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

Alipoingia ndani mumewe alikuwa anafunga kamba za viatu. Binti alikuwa mezani na madaftari. Fundi aliweka karatasi kando ya kikombe cha chai na kusema karani amekataa, anataka sababu mpya, na milango mingine yote imekwisha. Hakumtazama mumewe. Alianza kukunja shuka lililofunika cherehani, kwa kuwa kesho watu wangekuja kuibeba, na hakutaka ibebwe na shuka la kulalia.

Mwokaji alimaliza kufunga kiatu cha kulia. Alikaa kidogo akiwa ameinama. Kisha akasimama, akachukua karatasi, na kutoka akiwa ameuacha mlango wazi.

“Baba anakwenda wapi?” binti aliuliza.

Mama aliacha shuka. Alisogea mlangoni, na binti akamfuata. Walisikia hatua za viatu vizito zikishuka, ghorofa moja, nyingine, zikasimama. Walisikia mlango wa chini ukigongwa, kandambili za karani zikija, komeo likitoka.

“Shikamoo, mzee. Mimi ni mume wa yule anayeshona, namba kumi. Mwoka mikate.”

“Marahaba. Nakufahamu. Hujambo?”

“Sijambo.” Kiatu kizito kilisogea sakafuni. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu asiyetaka kusikika, lakini ngazi za jengo lile hazikujua sauti ya chini. “Umeomba sababu mpya. Kazini nimeondolewa. Mwisho wa mwezi ndio mwisho wangu. Cherehani hiyo ndiyo iliyobaki nyumbani kwetu, mzee. Hatuna kingine.”

Namba sita bomba la maji lilifungwa. Redio ya dereva ikapunguzwa. Juu, mlango wa mzee wa viatu ulifunguka kidogo, ukabaki hivyo. Binti alimgeukia mama yake, na Fundi akamshika mkono akaubana kwa nguvu.

Chini, karatasi ilichakacha ikikunjuliwa. Kisha wakamsikia karani akikohoa kidogo.

“Kalamu unayo?”